Makobo Inahesabiwa, Kapenta Inapimwa

Jina yake naijua. Majina ya bantu bote ba avenyi yetu naijua, benye bangali hai na benye balishazikwa, na majina ya batoto babo, na ya mbwa zile zilipewa jina. Lakini ya huyu sitaiandika, na sababu mutaiona ku mwisho. Sisi bote tulimuita Prof. Hata bibi yake, Mama Kabeya, alimuita Prof, mbele ya bantu na ndani ya nyumba pia. Najua, juu parsele yao na yangu ziligawanywa na kiukuta ya matofali yenye kufika ku kifua, na masikio yangu ingali mazima.

Prof alifundishaka Kiingereza ku masomo moja ya sekondari, hapa Lubumbashi, ku komini yenye kuitwa Kenya, si ile inchi. Mie niliuzishaka samaki ku soko, na mpaka leo nauzisha. Samaki yangu inatoka Pweto, kwa bandugu ba mama yangu. Iko ya namna mbili. Iko makobo ya kukauka, kubwa, yenye kuhesabiwa moja moja. Na iko kapenta, tule tusamaki tudogo, yenye kupimwa na mukebe. Mushike ile mbili muzuri, juu Prof alikuja kununua kwangu kila siku ya posho, njo kusema Jumamosi, na ile alichagua katikati ya makobo na kapenta ilisema mambo yenye mulomo yake haikusema.

Batoto yake ni hawa: Kabeya, kisha mapasa Mbuyi na Kabanga, kisha Ngalula, kisha Ntumba wa mwisho. Ukimuuliza Prof iko na batoto ngapi, alijibu: ine. Miaka saba alijibu ine. Na mie, miaka saba, nilikuwa na habari ya ule wa tano mkononi na sikuona fasi ya kuiweka.

Lakini nianze na kazi yake, juu yee mwenyewe alianzaka nayo kila fasi.

Ku kichwa ya Prof, dunia ilikuwa na pande mbili. Upande moja, vitu vya kuhesabu: kiti, yai, kitabu, muntu. Upande ingine, vitu vyenye Kiingereza haikubali kuhesabu: muchele, chumvi, unga, mayi, na, hapa njo batoto benyi banaanguka ku ekzamen, shauri na habari. Sisi bantu ba Lubumbashi tunapita kwanza ku Kifaransa, na Kifaransa inahesabu yote: habari moja, habari mbili, mashauri tatu. Njo faute yetu, kosa yetu. Mutoto wa huku akisimama kusema Kiingereza, kitu ya kwanza anabandika S ku mwisho ya kitu yenye haitaki S. Prof alisikiaka ile S toka barabarani. Aliacha chakula yake akatoka kuangalia ni nani.

Nyuma ya saa ya masomo alifundisha tena ku parsele yake, chini ya paa ya manjanja, batoto ba avenyi na bakubwa benye kutafuta kazi ku makampuni ya mugodi, fasi banauliza Kiingereza mbele ya kukuuliza jina. Mie nilikaa ngambo ya kiukuta nikichagua kapenta, natosha majani na mawe. Nilisoma miaka tatu tu, kwa ba masista. Kiingereza sijue. Lakini ile liste ya vitu vyenye havihesabiwe iliingia ndani yangu sawa litania, na nikafika kuijua kupita bengine benye balikaa ku benchi. Mutoto akikosa, nilisikia mie mbele ya Prof.

Siku moja nilisimama ku kiukuta nikamuuliza.

— Prof, mie asubui nabeba mayi mara tatu. Bidon tatu. Sikuhesabu?

— Ulihesabu bidon, Mama Odile. Mayi hukuihesabu.

— Na mayi yenyewe inajua ile?

— Mayi haijue kitu. Njo maana haihesabiwe.

Nilirudia ku kapenta yangu. Mpaka leo sijakutana na muntu wa kupinga ile jibu.

Papa Kasongo, fundi wa mbao wa ku kona yetu, yee alijaribu kupinga. Aliandikisha kibao kubwa mbele ya atelie yake kwa Kiingereza, juu ya kuvuta Bachina na Bahindi. Aliandika FURNITURES, rangi nyekundu. Prof alipita asubui, akasimama, akarudi kwake, akatoka na pinso na rangi nyeupe, akafunika S. Hakubisha ku mulango. Aliifunika tu, akaenda kufundisha.

Papa Kasongo alikuja ku parsele ya Prof na randa ingali mkononi.

— Prof, umeniibia S!

— Sikuiba. Haikuwa yako. Furniture haihesabiwe.

— Haihesabiwe namna gani? Natengeneza kiti, natengeneza meza, natengeneza kitanda. Ni vitu vingi! Bila S bantu batazania niko na kiti moja tu, na niko naikalia!

— Kiti inahesabiwa. Meza inahesabiwa. Lakini vyote pamoja havihesabiwe.

— Weye unaona hata vile unasema, Prof?

Papa Kasongo akarudisha S. Prof akafunika. Papa Kasongo akarudisha, kubwa kupita ya kwanza. Ile vita ilikula rangi ya bantu mbili musimu nzima ya mvua. Ku mwisho Papa Kasongo alipigilia S ya mbao na misumari, na Prof, mwenye hakuwa fundi, alishindwa kuibandua. Toka ile siku alipitaka ku avenyi ingine, inamuongezea dakika kumi, juu ya kukosa kuiona.

Na bado jioni balicheza kisolo pamoja, ile bao ya huku, Prof na Papa Kasongo, kila siku ya yenga, njo Jumapili, ku kibaraza yangu juu ni fasi ya katikati. Hapa njo mutaona namna muntu iko. Ule Prof wa kuhesabu alipotezaka kila mara. Alisahau mbegu ngapi alichota. Papa Kasongo alimuuliza kwa sauti ya upole sana:

— Prof, mbegu inahesabiwa ao haihesabiwe?

— Inahesabiwa.

— Basi jaribu.

Alikuwa na koti moja. Nilimuambia siku moja anunue nguo ingine, hata moja. Akaniambia Kiingereza haina nguo moja. Nguo iko ya wingi tu, haujue kuikata. Kwa vile hakununua.

Ku kanisa yao alitafsiriaka ba muhubiri benye kutoka Zambia. Mie ni Mukatolika, lakini siku moja Mama Kabeya alinialika nikaenda. Muhubiri akalia kwa nguvu kusema Mungu alitupatia mashauri mengi, kwa Kiingereza, na akaweka S.  Kanisa nzima ikangoja Prof. Niliona yee anapigana na roho yake pale mbele. Kisha akatafsiri: "Mungu alitupatia shauri. Haina wingi." Mwezi nzima ba mama ba ile kanisa balikuja ku meza yangu kubishana ile shauri moja ya Mungu ilikuwa gani. Mama Feza wa nyanya aliamini ni kuamka mapema.

Yee mwenyewe hakupatiaka muntu shauri hata siku moja. Ukimuuliza, alisema: "Shauri haihesabiwe, basi siwezi kukupatia moja." Lakini mutoto mwenye hakuwa na kitu ya kulipa, alimufundisha bure, na alimukaripia sawa bale ba kulipa, hata kupita, juu asijisikie mudogo.

Sasa nifike ku batoto.

Baba yangu alitumika ku reli. Ile siku ya posho, njo maana tunaiita vile, familia zote zilipanga mustari kupokea chakula ya juma, kufwatana na bantu ba ndani ya nyumba. Karani aliuliza mama yangu: batoto ngapi? Kwetu, mama hahesabu batoto yake na mulomo. Unahesabu bidon, unahesabu makobo. Mutoto unamuita. Basi mama alisimama mbele ya karani akaita: Odia, Kalaba, Mukalayi, Kisimba, mie, na Mwansa ku mgongo. Karani aliudhika, akahesabu mwenyewe na vidole. Kila juma ile ile. Njo pale nilijifunza kushika majina.

Prof alichekaka ile mambo.

— Mama Odile, kwa Kiingereza, batoto banahesabiwa kupita vitu vyote. How many children? Ni ulizo ya kwanza ku kitabu ya kwanza.

— Kwa Kiingereza, ndiyo. Kwangu bakiuliza, nitaita majina.

— Na kama karani ya Bangereza hana wakati?

— Atakuwa nao. Alikuja kukaa pale kufanya nini?

Ile wakati alinunuaka makobo saba. Saba kamili, kila posho: yake, ya Mama Kabeya, ya batoto batano. Alifika akasema "saba" mbele ya kusema jambo, na mie nilishaifunga.

Ngalula alikuwa wa ine kwa kuzaliwa na wa kwanza kwa Kiingereza. Yee peke yake alisema na baba yake ile luga ku chakula, na mie ngambo ya kiukuta nilisikia namna sauti ya Prof inakuwa laini ikifika ku yee. Mwaka yake ya mwisho ya sekondari, akapata mimba. Mwanaume ni Bwalya, Muzambia, shofere wa magari makubwa yenye kupita Kasumbalesa. Bwalya hakuja kujionyesha kwa bazazi. Ngalula akamufuata. Aliacha karatasi moja ku meza, kwa Kiingereza. Mama Kabeya alinieleza: Prof aliisoma yote akiwa na biki nyekundu mkononi, sawa alizoea. Faute hakuona hata moja. Ku chini hakuweka pointi. Akaikunja, akaitia mufukoni ya ule koti.

Posho yenye kufwata, alifika ku meza yangu. Nilishashika makobo. Akafungua mulomo: "Sa..." Akaifunga. Akaangalia makobo, kisha kapenta.

— Leo nipimie kapenta, Mama Odile.

Toka pale, miaka saba, kapenta. Kapenta ikiwa ndani ya nyungu, hauna lazima ya kujua ni bantu ngapi banakaa ku meza. Sikumuambia nilielewa. Nilimuongezea tu mukono moja juu ya mukebe.

Ngalula alinipigia telefone mie, juu namba ya nyumba yao baba yake alikataza kujibu. Chanda akazaliwa, nikajua. Mwape akazaliwa, nikajua. Wa tatu akazaliwa, na yee nikajua. Mama Kabeya nilimupatia yote ku kiukuta, kwa sauti ya chini. Lakini Ngalula aliuliza kila mara kitu moja tu: "Papa ulimuambia?"

Kwetu habari ya mutoto hautupii muntu ku mgongo. Unamuambia niko na habari, yee anasema "sema", kisha unasema. Basi kila posho, nikipima, nilianza:

— Prof, niko na habari moja.

Na yee, kila posho:

— Habari haihesabiwe, Mama Odile. A piece of news.

Akabeba kapenta, akaenda.

Siku Mwape alizaliwa nilijikaza nikasema niko na habari mbili. Alinirekebisha mara mbili. Nilijaribu kuacha hesabu, nikasema "niko na habari" tu. Akaniambia: "Kwa Kiingereza gani?" na akaenda. Ile grammaire ilikuwa mulango yake, na kila posho aliifunga ku pua yangu.

Na mie pia, niseme kweli, nilikuwa na kichwa ngumu. Ntumba, ule wa mwisho, mwenye kuniita Kambo sawa mama ya mama yake, aliniambia mara nyingi: "Kambo, sema tu vile anataka." Nilikataa. Nilisema mulomo yangu ni ya kuuzisha samaki, si ya Kiingereza. Nilisema yee njo anapaswa kuinama, si mie. Ni maneno ine tu, na nilikataa kuisema miaka saba.

Kisha Ngalula akapiga telefone siku ya kwanza ya juma. Alisema: "Mama Odile, Bwalya amepata kazi mbali, ngambo ya Tanzania. Tunahama. Siku ya yenga nitafika kwako na batoto batatu. Kama Papa anasema ndiyo, tutapita ku kiukuta. Kama anasema hapana, nitageuka ku mulango yako, na sitauliza tena." Hakulia. Alisema ile yote sawa muntu mwenye kusoma liste.

Nikaita Ntumba.

— Nifundishe.

— Nini, Kambo?

— Ile ya papa yako. Maneno ine.

Siku tatu tulikaa nyuma ya nyumba. Nilisema "pisi ya niuzi". Ntumba alicheka mpaka akalala chini.

— Kambo, hapana "ya"! Of! Na niuz, si niuzi. Unaiacha wazi ku mwisho.

— Na ile S ku mwisho inafanya nini, kama haihesabiwe?

— Ile iko tu, Kambo. Si ya wingi.

— Papa yako anajua?

— Anajua.

— Na hajakuja kuifunika na rangi?

Posho ikafika. Prof alikuja saa ine, na koti yake. Siku hizi anatembea polepole. Alishapumzika ku kazi, nyele yote nyeupe. Nyele nayo haihesabiwe. Akasema jambo Mama Odile, nipimie kapenta. Sikushika mukebe. Nikasimama, nikapangusa mikono ku kitambaa, nikasema:

— Prof. I have a piece of news.

Mama Feza wa nyanya aliacha kupanga nyanya.

Prof akafungua mulomo. Nilimuona anatafuta. Alitafuta mbele, akatafuta nyuma, sawa anasoma kopi ya mutoto, na faute haikuwa.  Pikipiki ikapiga honi nyuma yake, hakusogea. 

Kisha akasema, kwa Kiswahili, kidogo kidogo:

— Sema.

Nikasema yote. Siku ya yenga, nyuma ya misa. Mulango yangu. Kiukuta. Na kama ni hapana, kwamba hatauliza tena.

  Prof aliangalia meza yangu.

— Makobo iko muzuri leo?

— Iko muzuri. Ngapi?

Nilingoja namba. Prof akaweka kidole ku makobo ya kwanza.

— Ya Mama Kabeya.

Nikaitia ndani ya saki.

— Ya Kabeya. Ya Mbuyi. Ya Kabanga. Ya Ntumba.

Kidole ikasimama. Mie sikumusaidia. Kuna fasi haumusaidie muntu.

— Ya Ngalula, akasema.

Nikaitia.

— Na ule... shofere.

— Bwalya.

— Ya Bwalya. Na batoto.  Mama Odile, sijue iko nabo ngapi.

— Chanda, nikasema, na nikatia makobo. Anapita miaka sita, yee njo alikuwa ndani ya tumbo ile wakati. Mwape, nikatia ingine. Na mudogo, wa miaka mbili.

— Anaitwa nani?

Nikamuambia. Nilisema jina nzima, polepole, ile yenye hakuna muntu wa avenyi anaisema. Prof hakuzania naita yee. Alielewa mara moja. Akaangalia chini, akaingiza mukono ndani ya mufuko ya koti, fasi ile karatasi ilikuwa, akaiacha pale.

— Chagua ya mifupa kidogo, akasema. Kwa ule mudogo.

Nilichagua. Kisha nikaongeza ya Prof mwenyewe, juu aliita bote akajisahau. Akabeba saki na mikono mbili, akaenda. Alipita ku kona ya Papa Kasongo, chini ya ile S ya mbao, hakuzunguka. Kapenta yake ilibaki ku mukebe, sijaipima.

Siku ya yenga sitaieleza yote. Nilikuwa ngambo yangu na kazi yangu. Ngalula alipita ku kiukuta na magoti mbili, sawa akiwa mutoto, hakungoja kuzunguka ku mulango. Kelele ilikuwa nyingi. Kelele siijui kama inahesabiwa, sikumuuliza Prof. Lakini ku saa ya chakula nilisikia sauti ya Mama Kabeya, kwa nguvu, anaita ile jina, yenye sikumusikiaka kuisema miaka yote ile.

— Yes? Prof akaitika.

— Hapana weye, Mama Kabeya akasema. Mutoto.